Kutoka Mtoni hadi Forodhani: Historia ya Matembezi ya Mji wa Unguja

Historia ya mji wa Unguja imeandikwa zaidi kwa hesabu za karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa sokoni. Ni hesabu za lazima, lakini hazisemi yote. Mji huo huo ulikuwa na jioni zake. Kazi ikisha, watu walikwenda wapi? Nani aliruhusiwa kupumzika, na nani alikesha akimwandalia mwenzake mapumziko?

Ukiyafuata maswali hayo kwa karne mbili, unakutana na safari ndefu. Raha za mji huu zilianzia ndani ya kuta za majumba ya wafalme. Watu wa kawaida, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa watumwa, ndio waliozitoa nje, wakazipeleka viwanjani, mitaani na pwani, na huko ndiko zilikopata sura tunayoiita leo utamaduni wa Unguja.

Raha nyuma ya kuta

Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia Unguja makao yake kutoka Maskati, hakutaka kukaa mjini tu. Kasri lake la Mtoni, lililoanza kujengwa mwaka 1828, lilisimama ukingoni mwa bahari kaskazini ya mji, kando ya mto ulioipa sehemu hiyo jina lake. Binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, alikuja kuyaandika maisha ya Mtoni katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza ua mpana wenye tausi, paa, bata na mbuni waliotembea huru, mabirika ya kuogea, na roshani kubwa iliyotazama bahari, ambako baba yake alizoea kutembea na kunywa kahawa. Kwa makadirio yake, watu zaidi ya 1,000 waliishi humo.

Familia ya mfalme ilipotaka kubadili hewa ilikwenda mashamba ya karafuu kwa punda. Huko Kidichi, juu ya kilima, Seyyid Said alijenga mwaka 1850 hamamu ya mawe kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kuta zake za chokaa zikatiwa nakshi za maua na ndege. Hamamu ile ingalipo. Mgeni akiingia leo huona ustadi wa mafundi. Inafaa akumbuke pia mikono iliyopandisha mawe hadi kilimani na iliyochuma karafuu pande zote za jengo lile.

Mjini kwenyewe, wanawake wa cheo walitembeleana usiku. Salme anasimulia taa kubwa zilizotangulia mbele yao njiani, zenye makuba mfano wa paa za makanisa ya Kirusi, zimebebwa na watumwa wenye nguvu. Wingi wa taa ulionyesha daraja ya mwenye kutembea. Kwa hiyo usiku mmoja, katika kichochoro kimoja, walipita watu wawili: bibi aliyekwenda kustarehe na mtumwa aliyemmulikia njia. Wote wawili walikuwa barabarani saa ile ile, ila matembezi yalikuwa ya mmoja.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizidisha majumba. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay na alipenda mambo mapya. Alijenga Chukwani kusini ya mji, Marhubi kaskazini, na mwaka 1883 akainua Beit el Ajaib mbele ya bahari. Mwaka 1879 akatandika reli ndogo kutoka mjini hadi Chukwani. Mabehewa yalivutwa kwanza na baghala, kisha ikaletwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Ilikuwa reli ya mfalme na watu wake, na alipofariki ikafa naye.

Siku moja ya wote

Katika mwaka mzima wa wakati ule, ipo siku ambayo mpaka kati ya wakubwa na wanyonge ulilegea. Ni siku ya mwaka, ile ya kalenda ya jua ambayo watu wa pwani wanainasibisha na Washirazi. Usiku wake watu wa mji walishuka baharini kuoga, mabibi na wajakazi, matajiri na masikini. Ni usiku huo, Agosti 1866, aliouchagua Salme kuondoka. Alikuwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na hatari ilikuwa juu yake. Akateremka pwani pamoja na umati uliokwenda kuoga, akaingia katika mashua ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, na asubuhi alikuwa safarini kwenda Aden. Siku nyingine yoyote binti wa mfalme asingeweza kusimama ufukweni katikati ya watu bila kuulizwa.

Mwaka wa kalenda hiyo una siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, ndiyo maana kila baada ya miaka minne unarudi nyuma kwa siku moja. Sherehe iliyokuwa mwishoni mwa Agosti zama za Salme sasa huangukia Julai. Mjini imefifia, lakini Makunduchi, kusini ya kisiwa, Mwaka Kogwa ingali na nguvu, na watu wa mjini hufunga safari kwenda kuishuhudia.

Asubuhi wanaume wa pande mbili za mji wa Makunduchi hukutana uwanjani na mashina ya migomba. Wanachapana kweli. Mashina yanapasuka, maji ya mgomba yanaruka, vumbi linapanda, na aliyekuwa na kinyongo na ndugu yake anakitoa hapo hapo, kwani mwaka mpya hauingiwi na fundo moyoni. Wanawake wamevaa kanga mpya na nguo zao bora, wanazunguka kwa nyimbo za mafumbo na vijembe. Kisha mzee mwenye dhamana ya mila anaingia katika kibanda kidogo cha makuti, kinatiwa moto, naye anachomoka na kukimbia huku watu wakirusha udongo motoni. Moshi unaangaliwa unaelekea wapi. Baada ya hapo ni kula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo hujiona imepungukiwa. Ukitoka mjini bila mwenyeji, utamkuta mtu atakayekukaribisha.

Sherehe hii haikuhitaji kasri wala kiingilio. Ilihitaji uwanja, pwani na watu, na ndiyo sababu imedumu kuliko majumba ya Barghash.

Gari la moshi la Bububu

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyingine, kiasi cha maili saba, kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Hii ilikuwa ya abiria wa kila aina. Ilipita katika njia nyembamba za mji ikikaribia kuta na milango ya nyumba, ikatoka kwa upande wa Malindi, ikafuata pwani na minazi hadi mashambani. Wachuuzi walipakia mboga na matunda. Wageni walioshuka melini kwa saa chache walipelekwa kutazama mashamba. Na watu wa mji, kwa mara ya kwanza, waliweza kwenda shamba na kurudi siku ile ile bila kumiliki punda.

Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Barabara na magari vilipoenea, treni ya abiria ikasimama katika miaka ya 1920, na injini zikabaki kuvuta mawe ya kujazia bandari mpya ya Malindi. Leo hakuna reli, ila desturi ya kutoka mjini kwenda Bububu na mbele yake kupunga upepo ilikuwa imeshajengeka, nayo haikung'olewa pamoja na vyuma.

Taarab yavuka hori

Mji Mkongwe ulitenganishwa na Ng'ambo kwa hori la maji ya bahari, na daraja lililovuka hori hilo ndilo lililotupa jina la Darajani. Upande mmoja zilisimama nyumba za mawe, upande wa pili vibanda vya udongo na makuti. Baada ya amri ya kuondoa utumwa ya mwaka 1897, wengi waliopata uhuru walihamia Ng'ambo kutafuta maisha. Hawakuja mikono mitupu. Walikuja na ngoma zao, na hamu ya kuonekana watu wa mji kama wengine.

Taarab wakati huo ilikuwa muziki wa ikulu. Simulizi za wanataarab zinasema Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Mwaka 1905 wanaume wa Mji Mkongwe wakaunda Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kipo hadi leo. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa watu wa nafasi.

Aliyeivusha taarab hori alikuwa mwanamke wa Fumba. Siti binti Saad alizaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Ujanani alitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, na sauti yake ikimtangulia njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Akafunzwa muziki, akajiunga na wapigaji hodari kama Subeti bin Ambari na Mbaruku, naye akaiimba taarab kwa Kiswahili. Alialikwa ikulu na katika harusi za matajiri, lakini jioni za kawaida watu walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo kusikiliza mazoezi, wengine barazani, wengine njiani.

Alichoimba kilikuwa maisha yao. Wimbo wake kuhusu Kijiti ni mfano. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka kwenda kustarehe akiwa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, na matembezi yale yakaishia katika mauaji. Kijiti alitorokea bara, huku waliotiwa hatiani mahakamani wakiwa wanawake wawili waliofika kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku hiyo. Siti aliipeleka hukumu hiyo mbele ya mahakama nyingine, ya wasikilizaji. Watu waliokwenda kustarehe kwa taarab walirudi nyumbani wamesikia mwanamke mnyonge akitetewa hadharani.

Machi 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri zile ziliuzwa pwani yote na bara. Baadaye mwandishi Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake, na kwa kalamu yake mtembeza vyungu akaingia katika maktaba za shule. Siti alifariki mwaka 1950.

Nyuma yake wanawake wa Ng'ambo waliunda vikundi vyao, kama Nur el-Uyun na Sahib el-Ari, wakishindana kwa sare, kwa mashairi na kwa wingi wa wafuasi. Desturi ya kutunza ilishika mizizi. Mwanamke anainuka kitini katikati ya ubeti, hana haraka. Mkono mmoja umeshika noti umeinuliwa juu, mabega yanakwenda na mapigo, macho yameelekezwa kwa yule anayekusudiwa na fumbo la wimbo. Anafika kwa mwimbaji, anamtunza, anarudi. Kila aliyemo ukumbini ameelewa nani kajibiwa, na hakuna jina lililotajwa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alitoka katika bonde hilo hilo la sauti, na aliibeba ngoma ya unyago na taarab mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Mnazi Mmoja

Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, upande wa kusini, uko uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakoloni waliutengea michezo, wakajiwekea humo sehemu za gofu, kriketi na tenisi. Mpira wa miguu ulifika kupitia wafanyakazi wa Kiingereza wa kampuni ya simu za baharini na kupitia skuli ya misheni ya Kiungani. Haukubaki kwao kwa muda mrefu. Vijana wa Ng'ambo waliunda timu za mitaa, na kufikia miaka ya 1920 na 1930 mechi za jioni zilikuwa zikivuta maelfu ya watu kuzunguka uwanja. Mchukuzi wa bandarini aliweza kumpiga chenga karani wa serikali mbele ya umma, na kesho yake mji mzima ukazungumza.

Mnazi Mmoja ndio uliokuwa pia uwanja wa skukuu. Idd ya Unguja ni ya siku nne. Watoto walivaa nguo mpya, wakapewa pesa za skukuu na kila jamaa waliyempa mkono, wakaenda kuzimaliza kwenye pembea za mbao, ubuyu, maembe ya pilipili na vitu vya kuchezea. Viwanja vimeongezeka tangu hapo, ukiwemo wa Kariakoo wenye mashine za kuzunguka, lakini mpango wa siku haujabadilika: asubuhi kutembelea jamaa, alasiri kuoga upya, jioni skukuuni.

Gizani pamoja

Mwaka 1921 lilifunguliwa Vuga jumba la sinema la Royal, mali ya Hassanali Adamjee Jariwalla. Mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza hapa. Jumba hilo lilikuja kuitwa Majestic, likaungua, na mwaka 1955 likajengwa upya kwa mtindo wa kisasa wa siku zile. Likawa na wenzake mjini, Empire na Sultana.

Sinema iliwakutanisha watu ambao mitaa iliwatenga. Bei za viti zilitofautiana, lakini filamu ilikuwa moja. Wenye majumba waliweka maonyesho ya wanawake peke yao, na mama aliyekuwa hatoki ila kwa sababu alipata sababu. Filamu za Kihindi zilipendwa kuliko zote, kwani zilizungumza mambo ya hapa: baba mkali, mapenzi yaliyozuiwa, mtoto aliyepotea akarudi. Wasiojua Kihindi walizifahamu kwa nyimbo na machozi, na kesho yake zilisimuliwa upya barazani kwa wale waliokosa tiketi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema yaliingia mikononi mwa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Unguja ikawa na televisheni ya rangi kabla ya nchi jirani, na watu wakakusanyika mitaani kuitazama kwa pamoja. Video zilipoingia majumbani, sinema zikapungukiwa na watu, zikafungwa moja baada ya moja. Majestic paa lake liliporomoka, likakaa miaka mingi gofu. Kilichobaki ni kama lile jina la barazani la Jaws Corner katikati ya Mji Mkongwe, linalotokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, ambako wazee na vijana hunywa kahawa chungu kwa kashata, wakipiga dhumna na kujadili siasa.

Forodhani

Forodhani palikuwa pahala pa kutoza ushuru, penye mabanda ya forodha na makuli wenye mizigo. Bandari ilipohamia Malindi mwishoni mwa miaka ya 1920, eneo likabaki wazi mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib. Mwaka 1936, Seyyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, bustani iliyotengenezwa hapo ilifunguliwa kwa heshima ya jubilei yake, na bendi ya Sultani ikawa inapiga jioni watu wakitembea. Ni hapo ambapo njia mbili za historia hii zinakutana. Bustani ilitengenezwa kwa ajili ya sherehe ya mfalme, ila haikuwa na lango la kuwazuia watu. Ufalme ukaondoka, watu wakabaki.

Mwaka 2009 ilifunguliwa tena baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, na tangu hapo umati umezidi. Alasiri vijana wanapiga makachu: anakimbia kutoka mbali, anakanyaga ukingo wa ukuta, anajipindua hewani mara moja au mbili na kuzama, huku wenzake wakimhukumu kwa kelele. Magharibi ikishapita taa zinawashwa, meza zinapangwa. Muuza urojo anachota supu ya manjano yenye ukali wa embe mbichi na ndimu, anakatia viazi na bajia, anavunjia kachori, anaongeza mishkaki, chatne ya nazi, vipande vya muhogo vilivyokaangwa, kisha anauliza kuhusu pilipili na anangoja jibu. Pembeni muwa unapita kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Familia ya Ng'ambo, ya Fuoni au ya shamba inakaa ukutani bure. Asiye na kitu anapata upepo ule ule anaoupata mtalii.

Jirani, ndani ya Ngome Kongwe, tamasha la filamu la nchi za jahazi limefanyika tangu 1998 na Sauti za Busara tangu 2004. Beit el Ajaib, iliyopendezesha mandhari yote hiyo, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Kiwanja ndicho urithi

Kasri la Mtoni ni magofu. Marhubi liliungua mwaka 1899 na imebaki safu ya nguzo. Reli mbili zimeng'olewa na sinema zimefungwa. Kilichodumu ni kile kilichokuwa wazi: pwani ya Mwaka Kogwa, uwanja wa Mnazi Mmoja, baraza, bustani ya Forodhani. Taarab yenyewe iliponea kwa kutoka ikulu na kwenda kuishi Ng'ambo. Utamaduni wa mji huu umelelewa katika mahali ambapo masikini angeweza kufika bila kuomba ruhusa.

Hilo ni funzo la kutumika sasa. Mji unapanuka haraka. Fumba, alikozaliwa Siti, panainuka mji mpya wa nyumba za kisasa, na fukwe za kaskazini na mashariki zimejaa mahoteli. Ujenzi huo una faida zake na watu wanahitaji kazi na makaazi. Lakini kila ramani inayochorwa ioneshe pia kiwanja cha watoto kuchezea skukuu, bustani isiyo na kiingilio, na njia ya kushukia baharini ambayo haitafungwa na ukuta wa mtu. Serikali ikitaka kuhifadhi utamaduni, ianze hapo kabla ya kufikiria makumbusho. Nasi wakaazi tuidai ardhi hiyo mapema, ingali tupu, maana kiwanja kikishajengewa hakirudi.